Wanahistoria na vuguvugu la mageuzi Marekani: mwongozo kamili wa kuandika insha isiyoanguka

Swali linauliza: "Wanahistoria wametafsiri vipi mageuzi ya kisiasa ya Marekani kati ya 1890 na 1920?" Jibu linaanza na Theodore Roosevelt kuwa rais mwaka 1901 baada ya Rais William McKinley kuuawa, linapita kwenye sheria moja baada ya nyingine, na kurasa nane baadaye linaishia wanawake wanapopata haki ya kura mwaka 1920. Kila tarehe ni sahihi. Alama ni chache. Mwandishi anashangaa, na ana haki ya kushangaa, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kosa liko wapi.

Nimezisoma insha za namna hii kwa miaka mingi, za vijana wa vyuo vya huku nyumbani na za wenzao walioko Marekani wanaokutana na somo hili mwaka wa kwanza. Wanaoanguka si wavivu. Wamesoma sana, ila wamejibu swali ambalo halikuulizwa. Swali halikutaka kujua nini kilitokea. Lilitaka kujua waliochunguza mambo hayo wameyaelewa vipi, wamepishana wapi, na kwa nini.

Mwongozo huu unachukulia kwamba matukio unayajua, au unaweza kuyapata kwenye kitabu chochote cha kiada. Hapa tunafanya kazi ya pili tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kazi tano hadi saba za wanahistoria, za vizazi tofauti. Usichukue tano zilizoandikwa muongo mmoja, maana watu wa kizazi kimoja mara nyingi hubishana juu ya mambo madogo na kukubaliana juu ya makubwa. Kundi la kuanzia linaloniridhisha ni hili: Richard Hofstadter (1955), Gabriel Kolko (1963), Samuel Hays (makala ya 1964), Robert Wiebe (1967), David Thelen (makala ya 1969), Daniel Rodgers (makala ya 1982) na Glenda Gilmore (1996). Makala tatu kati ya hizo ni fupi, unaweza kuzimaliza kwa siku mbili. Ukiwa na akaunti ya JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, hata ile ya bure, utasoma makala kwenye skrini. Vitabu vingi vya zamani vinaazimwa mtandaoni kupitia Internet Archive.

Nyaraka mbili au tatu za wakati wenyewe. Ilani ya Chama cha Watu (chama cha wakulima) iliyopitishwa mjini Omaha Julai 1892, sheria ya ukaguzi wa nyama ya 1906, na ilani ya chama cha Roosevelt ya 1912 zinapatikana bure mtandaoni. Magazeti ya wakati ule yamewekwa wazi na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kadi au daftari lenye kurasa zinazochomoka. Utahitaji kuzipanga upya mara kadhaa, na daftari la kawaida halitakuruhusu.

Ukurasa mmoja wa tarehe. Mmoja tu. Ukizidi, tayari umeanza kuandika ile insha mbaya.

Siku kumi hadi kumi na nne. Kwa siku tatu utakusanya majina lakini hutapata mjadala.

### Neno moja la kuamua mapema

Wanamageuzi wa wakati huo walijiita Progressives. Wengi huwaita kwa Kiswahili "wapenda maendeleo". Sikushauri. Nani asiyependa maendeleo? Ukiwaita hivyo umeshawapa ushindi kabla hujamsoma mwanahistoria hata mmoja, na wanahistoria wenyewe wanabishana kama walistahili jina hilo. Andika "Waprogresivu", lieleze mara moja kwamba ni jina walilojipa, kisha endelea nalo. Vivyo hivyo, wakulima wa Chama cha Watu waite "Wapopulisti", na uwe mwangalifu: siku hizi neno hilo hutupiwa mwanasiasa yeyote mwenye maneno ya jukwaani, na maana hiyo haiwahusu wakulima wa Kansas na Texas.

## Hatua ya 1: Tenganisha tukio na tafsiri

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika jambo lisilobishaniwa: "Mwaka 1911 Pittsburgh iliacha kuchagua madiwani kwa kata, ikaanza kuchagua baraza la watu 9 kwa kura za jiji zima." Kulia andika maelezo ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyapinga: "Jiji lilisafishwa rushwa." Chini yake andika maelezo mengine: "Matajiri waliwanyang'anya watu wa kata sauti yao."

Fanya hivyo kwa matukio manne au matano.

Sababu ya zoezi hili ni kwamba sentensi nyingi za vitabu vya kiada huchanganya pande zote mbili bila kutuambia. "Roosevelt aliyadhibiti makampuni makubwa" inasomeka kama tukio, kumbe ni tafsiri nzima iliyojificha ndani ya kitenzi kimoja. Aliyadhibiti, au alikubaliana nayo?

Utajua hatua hii imekukaa pale utakapoanza kuvitilia shaka vitenzi.

## Hatua ya 2: Punguza uwanja

Usiandike juu ya mageuzi yote ya miaka 30. Ndani ya jina hilo moja kuna waliotaka kuvunja makampuni hodhi, waliotaka kupiga marufuku pombe, waliotaka maseneta wachaguliwe na wananchi, waliofungua nyumba za huduma kwa wahamiaji, na waliotaka wahamiaji wazuiwe kabisa. Mwaka 1970 Peter Filene aliandika makala iliyokuwa kama tanzia: alisema kitu kinachoitwa vuguvugu moja la Waprogresivu hakikuwahi kuwepo, kwa sababu wanaohesabiwa humo hawakukubaliana juu ya malengo, mbinu wala wafuasi.

Si lazima ukubaliane na Filene, lakini huwezi kuandika kama vile hakuandika.

Chagua kipande kimoja: utawala wa miji, au sheria za chakula, au sheria za kazi, au kura ya wanawake, au wakulima wa miaka ya 1890. Katika mwongozo huu nitatumia zaidi utawala wa miji na sheria ya nyama, kwa kuwa ndipo wanahistoria walipogongana waziwazi.

Tahadhari: kipande kikiwa na mwanahistoria mmoja tu, si mada ya insha hii. Unahitaji angalau watatu wasioafikiana.

## Hatua ya 3: Msome kila mwanahistoria kwa maswali manne

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanasoma kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza wakiandika kila kitu kinachovutia, na mwisho wana kurasa 40 za dondoo zisizo na kazi. Soma utangulizi, soma hitimisho, kisha nenda kwenye tanbihi. Tanbihi ndizo zinazokuonyesha mtu huyu amechimba wapi. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye sura zinazogusa kipande chako.

Kila mwanahistoria apate kadi moja yenye majibu ya maswali haya:

1. Anasema wanamageuzi walikuwa nani?
2. Anasema walisukumwa na nini?
3. Amejuaje? Ushahidi wake ni upi?
4. Anabishana na nani?

Tumjaze Hofstadter.

*Nani?* Tabaka la kati la zamani: mawakili, wachungaji, maprofesa, wenye biashara za wastani, watu waliokuwa wakisikilizwa katika miji yao.

*Walisukumwa na nini?* Hadhi yao ilikuwa inashuka. Matajiri wapya wa reli na mafuta waliwapita kwa mbali, na mijini vigogo wa vyama walishika kura za wahamiaji. Hawakuwa na njaa. Walikuwa na wasiwasi wa hadhi, nao wakaupa wasiwasi huo sura ya maadili.

*Amejuaje?* Zaidi kwa maandishi yaliyokwisha kuchapishwa, na kwa kutegemea tafiti za wengine kuhusu wasifu wa viongozi, ukiwemo ule wa George Mowry wa 1951 juu ya California, uliowakuta viongozi wakiwa vijana wasomi wenye maisha mazuri.

*Anabishana na nani?* Na waandishi kama Benjamin De Witt, aliyeandika mwaka 1915 vumbi likiwa bado halijatulia, akiyaeleza mageuzi kama mapambano ya wananchi dhidi ya wenye fedha.

Kadi imejaa, na haina muhtasari wa sura hata moja. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Swali la tatu ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo huachwa wazi. Ukiona kadi zako tano hazina kitu mbele ya "Amejuaje?", usiende hatua ya nne. Rudi kwenye tanbihi. Bila ushahidi wao utabaki kusema "huyu anasema hivi, yule anasema vile", kama mtu anayesimulia ugomvi wa majirani bila kujua wanagombea nini.

## Hatua ya 4: Wakutanishe wawili wawili

Kadi zikishajaa, zitandaze mezani. Usizipange kwa mwaka wa kuchapishwa. Zipange kwa jozi: nani anamjibu nani?

Hatua hii ndiyo moyo wa insha. Nitaipitia kwa jozi mbili.

### Hofstadter na Thelen

Hofstadter anasema mageuzi yaliletwa na watu wa aina fulani. Thelen anauliza swali jepesi lenye makali: na wapinzani wao je, walikuwa watu wa aina gani? Akachukua wanasiasa wa Wisconsin, waliounga mkono mageuzi na walioyapinga, akalinganisha kazi zao, elimu yao na asili zao. Akakuta pande zote mbili zinafanana sana.

Tazama maana yake. Kama wanamageuzi walikuwa mawakili wasomi, na waliowapinga nao walikuwa mawakili wasomi, basi uwakili na usomi haviwezi kueleza kwa nini mmoja alitaka mageuzi na mwingine hakutaka. Ni sawa na kusema wezi wote wa kijijini wanakula ugali, kwa hiyo ugali ndio unaowafanya waibe, bila kuuliza wasioiba wanakula nini.

Thelen hakukosoa tabia ya Hofstadter wala siasa zake. Alikosoa mbinu: kundi la kulinganishia halikuwepo. Kisha akatoa maelezo yake. Mdororo wa uchumi ulioanza 1893 uliwaunganisha watu wa kazi na dini tofauti kama walipa kodi na wanunuzi wa huduma, wote wakiumizwa na makampuni yaleyale ya umeme, maji na usafiri.

Ukiweza kueleza jozi hii kwa aya mbili, bila kumwita yeyote kati yao mjinga, umeshawapita wengi.

### Hays na Huthmacher

Hays aliuchunguza mji wa Pittsburgh. Badala ya kusikiliza hotuba za wanamageuzi, alitafuta orodha za wanachama wa vyama vilivyodai mfumo wa madiwani wa kata uvunjwe. Humo akakuta wakuu wa viwanda na benki, wake zao, na wataalamu wa tabaka la juu. Waliokuwa wakikaa kwenye mabaraza ya kata ni wenye maduka madogo, wenye vilabu vya pombe na wafanyakazi. Uchaguzi ulipohamia jiji zima, mtu anayejulikana mtaani kwake tu hakuwa tena na njia. Kwa Hays, lugha ya demokrasia ilifunika uhamisho wa madaraka kwenda juu.

Joseph Huthmacher, katika makala ya 1962, anatazama kwingine: mabunge ya majimbo yenye miji mikubwa kama New York na Massachusetts. Anakuta wabunge wa vitongoji vya wahamiaji na wafanyakazi wakipigia kura sheria za kazi na ustawi. Mfano unaojulikana ni moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911, uliowaua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Tume ya kuchunguza viwanda iliyofuata iliongozwa na Robert Wagner na Al Smith, wote wawili watoto wa Tammany, ile mashine ya kisiasa ambayo wanamageuzi wa tabaka la kati waliichukia.

Je, Hays na Huthmacher wanapingana?

Insha ya kawaida hujibu ndiyo na kuhamia aya inayofuata. Wewe simama hapo. Hays anazungumzia *muundo wa utawala wa jiji*. Huthmacher anazungumzia *sheria za hali ya maisha kwenye jimbo*. Inawezekana kabisa wote wako sahihi: matajiri walitaka kubadili namna ya kutawala, wafanyakazi walitaka kubadili namna ya kuishi, na vitu vyote viwili tumezoea kuviweka kwenye kapu moja lililoandikwa "mageuzi".

Kwa hiyo, kwa kila jozi uliza: wanapingana juu ya jambo lilelile, au wametazama sehemu tofauti? Andika jibu nyuma ya kadi. Majibu hayo ndiyo yatakuwa insha.

Kosa la kuepuka: kuwagawa wanahistoria katika mafungu yenye majina, "shule ya hadhi", "shule ya mpangilio", "mrengo wa kushoto mpya", kisha kueleza mafungu badala ya hoja. Majina hayo yanasaidia kumbukumbu, lakini hayaelezi chochote. Kolko na Hays wanaweza kuwekwa jirani kwa kuwa wote wanawaona wenye mitaji ndani ya mageuzi, lakini Kolko anafuata mashirika ya kitaifa na Washington, Hays anafuata klabu za jiji moja.

## Hatua ya 5: Mweke mwandishi kwenye wakati wake, kwa kipimo

Hofstadter aliandika wakati Seneta Joseph McCarthy akiwatisha wasomi na watumishi wa serikali. Haishangazi kwamba alizichungulia harakati za umma kwa hofu, akaona kwa Wapopulisti dalili za chuki dhidi ya wageni na Wayahudi. Kolko alichapisha 1963, kizazi cha vijana kilipoanza kuuliza kama serikali na makampuni ni maadui kweli au ni washirika.

Msomaji wa Tanzania anaijua hali hii kupitia Maji Maji. Wanahistoria wa Dar es Salaam wa miaka ya 1960, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, walitafuta humo mizizi ya umoja wa taifa. Thaddeus Sunseri alipoandika 1997 juu ya Uzaramo, alitazama njaa, nguruwe pori walioharibu mazao, na mvutano wa wanawake na wanaume katika kaya. Vita ni vilevile, ila maswali yalibadilika kwa sababu wakati ulibadilika.

Lakini usiishie hapo. Kueleza *kwa nini* mtu aliuliza swali fulani hakuonyeshi kwamba jibu lake si sahihi. Walter Nugent alimjibu Hofstadter mwaka 1963 kuhusu Wapopulisti. Hakusema tu kwamba Hofstadter aliandika kwa hofu ya zama zake. Alikwenda Kansas, akasoma magazeti na kumbukumbu za huko, akaonyesha kwamba Wapopulisti wa jimbo hilo walikuwa na uvumilivu kwa wageni usiopungua ule wa wapinzani wao. Hivyo ndivyo hoja inavyojibiwa.

Kanuni ninayowapa wanafunzi: sentensi mbili za mazingira ya mwandishi, kisha angalau nne za ushahidi wake.

## Hatua ya 6: Tafuta walioachwa nje ya picha

Rudi kwenye kadi, usome tena swali la kwanza, "nani?". Katika kadi za 1955 hadi 1967, wanamageuzi karibu wote ni wanaume weupe. Wamarekani weusi hawaonekani, au wanaonekana kama watu waliotendwa.

C. Vann Woodward alikuwa ameligusa jambo hili mapema, mwaka 1951, alipoonyesha kwamba Kusini mageuzi yalikuwa ya weupe peke yao: majimbo yaleyale yaliyoleta kura za mchujo za kuchagua wagombea yaliwafungia weusi nje ya kura hizo. Na mwaka 1913, chini ya Rais Woodrow Wilson, anayehesabiwa miongoni mwa Waprogresivu wakuu, ofisi za serikali kuu zilianza kutenga wafanyakazi kwa rangi.

Gilmore alikwenda mbele zaidi. Katika North Carolina, baada ya wanaume weusi kunyang'anywa kura mwaka 1900, aliwafuatilia wanawake weusi wasomi kupitia makanisa, shule na vyama vya kina mama. Akaonyesha kwamba hao ndio waliobaki kuzungumza na serikali ya weupe kwa niaba ya jamii yao, wakidai huduma za afya na elimu. Ukimsoma, hata swali "mageuzi ya kisiasa ni nini?" linabadilika. Siasa haikuwa ndani ya sanduku la kura tu.

Kathryn Kish Sklar naye, kupitia maisha ya mwanamageuzi Florence Kelley na Hull House, nyumba ya huduma kwa wahamiaji iliyofunguliwa Chicago mwaka 1889, anaonyesha wanawake wasio na kura wakisukuma sheria. Sheria ya viwanda ya Illinois ya 1893 ni mojawapo, na Kelley mwenyewe akawa mkaguzi mkuu wa kwanza.

Nakusihi usiiweke hatua hii kama aya ya mwisho ya "pia kulikuwa na wanawake na weusi". Nimeiona aya hiyo mara nyingi mno, na kila mara inaonyesha mwandishi hakuelewa. Kama Gilmore yuko sahihi, basi Wiebe, aliyewaona wanamageuzi kama tabaka jipya la kati la madaktari, wahandisi na wataalamu, amechora nusu ya picha. Waweke wawili hao uso kwa uso, katikati ya insha.

## Hatua ya 7: Jaribu tafsiri kwenye waraka mmoja

Sasa fungua sheria ya ukaguzi wa nyama ya tarehe 30 Juni 1906. Simulizi iliyozoeleka inasema Upton Sinclair aliandika riwaya juu ya uchafu wa viwanda vya Chicago, wananchi wakakasirika, Roosevelt akatuma wachunguzi wawili, Charles Neill na James Reynolds, na Bunge likawabana wenye viwanda.

Kolko anapinga. Anasema wenye viwanda wakubwa walikuwa na ukaguzi wa serikali tangu sheria ya 1891, na waliutaka, kwa sababu mhuri wa serikali uliwafungulia masoko ya Ulaya. Walichopigania ni jambo jingine.

Soma waraka ukitafuta mambo matatu.

*Nani analipia ukaguzi?* Hazina ya serikali, dola milioni 3 kila mwaka. Seneta Albert Beveridge alitaka walipe wenye viwanda, akashindwa.

*Je, makopo yatawekwa tarehe ya kutengenezwa?* Hapana. Beveridge aliitaka na hiyo, ikaondolewa.

*Wafanyakazi wametajwa wapi?* Sheria inashughulikia nyama na usafi wa majengo. Mishahara, saa za kazi na vidole vinavyokatwa havimo, ingawa Sinclair aliandika akiwatetea wafanyakazi hasa.

Mpaka hapo Kolko anaonekana mwenye nguvu. Ila endelea kusoma: wakaguzi wanapewa mamlaka ya kuzuia nyama isivuke mpaka wa jimbo, na wizara ya kilimo inapewa kuweka masharti ya usafi ndani ya viwanda. Hayo si mambo madogo, na wenye viwanda walipambana vikali Bunge lilipokuwa likiyajadili. Waraka mmoja unampa Kolko sehemu na kumnyima sehemu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kunyooshea kidole kifungu na kusema: hapa mwanahistoria huyu anasimama imara, hapa anayumba. Ukimaliza waraka ukiwa unakubaliana na mwandishi kwa asilimia mia, usome tena.

## Hatua ya 8: Andika hoja yako kwa sentensi moja au mbili

Hoja dhaifu: "Wanahistoria wana maoni tofauti kuhusu mageuzi ya Marekani." Hiyo ni kweli ya kila mjadala duniani, kwa hiyo haina uzito.

Hoja dhaifu nyingine: "Hofstadter alikosea na Thelen alikuwa sahihi." Unatoa hukumu bila kusema juu ya nini.

Hoja yenye mwili: "Wanahistoria wa mageuzi ya mijini wanapishana hasa kwa sababu wamehesabu watu tofauti. Hays aliwahesabu waliounda upya mabaraza, Huthmacher aliwahesabu waliopitisha sheria za kazi. Wakisomwa pamoja, wanaonyesha kwamba mageuzi ya utawala na mageuzi ya maisha yalikuwa na wenyewe tofauti."

Rodgers atakusaidia sana hapa. Mwaka 1982, badala ya kutafuta itikadi moja, alisema Waprogresivu walichota kwenye lugha tatu: lugha ya kupinga uhodhi, lugha ya mafungamano ya kijamii, na lugha ya ufanisi. Mtu aliweza kutumia moja, mbili, au zote, kulingana na alichokitaka. Ukiitumia, sema lugha zipi zinasikika kwenye kipande chako. Kuitaja tu haitoshi.

## Hatua ya 9: Panga kwa maswali, usipange kwa majina

Insha yenye aya ya Hofstadter, aya ya Kolko, aya ya Wiebe ni orodha. Panga aya zako kwa maswali: kwanza, wanamageuzi walikuwa nani? Pili, walitaka nini? Tatu, nani alifaidika? Mwanahistoria mmoja ataonekana kwenye aya mbili au tatu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Matukio yaingie pale tu mwanahistoria anapoyatumia. Ukijikuta umeandika sentensi tatu mfululizo bila jina la mwanahistoria wala neno kama "ushahidi" au "hoja", umeanza kusimulia. Futa mbili.

Chagua vitenzi kwa makini. "Anadai" hubeba shaka. "Anaonyesha" maana yake umekubali kuwa amethibitisha. "Anasisitiza", "anapuuza", "anakanusha" na "anarekebisha" kila kimoja kina kazi yake. Mwanafunzi anayeandika "anasema" mara hamsini anamnyima msomaji nusu ya maana.

## Hatua ya 10: Ukaguzi kabla ya kukabidhi

Chukua kalamu mbili za rangi. Kwa moja pigia mstari kila sentensi inayoeleza tukio, kwa nyingine kila inayoeleza au kupima tafsiri. Rangi ya tukio ikizidi robo ya ukurasa wowote, ukurasa huo haujakamilika.

Kisha angalia kama kila mwanahistoria aliyetajwa ana ushahidi wake pembeni, kama kuna mahali pawili au zaidi wanapojibizana ndani ya aya moja, na kama waraka wako umetumika kupima hoja.

Mwisho, mpe mtu asiyejua historia ya Marekani aisome, ndugu au mwenzako wa chumba. Akimaliza akakusimulia Roosevelt alifanya nini, rudi hatua ya nne. Akikuuliza, "Sasa wewe kati ya hawa unamwamini nani?", ipeleke.